Kitanzi, Duru na Sharti

Usiku wa kukausha tumbaku haulaliki. Nilipokuwa likizo Litapunga, huku Nsimbo mkoani Katavi, nilikesha na mjomba mbele ya bani, lile banda la kukaushia majani. Alikuwa akisukuma kuni tanuruni, anatazama kipimajoto, anangoja, kisha anafungua mlango, anachomoa jani moja na kuukunja uti wake wa kati. Uti ukipinda kama mpira, anarudi kwenye kuni. "Ukikatika kwa mlio, mjomba, hapo tunauacha moto ufe," aliniambia. Nilikuwa nimemaliza muhula wa kwanza wa kompyuta chuoni, na dhana iliyonitesa muhula mzima ilikuwa pale mbele yangu, inanuka moshi.

Waingereza huiita "loop", nasi darasani tunasema lupu. Ni sehemu ya programu inayoiamuru kompyuta irudie kazi ileile hadi jambo fulani litimie. Ukiwa na orodha ya wakulima 300 na unataka kupiga hesabu ya kilo na malipo ya kila mmoja, huandiki maagizo mara 300. Unayaandika mara moja, unayafunga ndani ya lupu, na kompyuta inaimaliza orodha.

Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Kompyuta yenyewe tumeikopa na imekaa vizuri mdomoni. Lakini neno lupu halimwambii kitu kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, na sasa anakutana na dhana ngeni kwa jina geni. Anachokariri ni umbo la maandishi. Mimi nilikariri hivyo hivyo. Zoezi langu la kwanza lilikuwa kuandika namba 1 hadi 10; nikasahau agizo la kuongeza moja, na skrini ikajaa 1, 1, 1 hadi mwalimu alipokuja kuisimamisha.

Wengi hupendekeza "mzunguko". Ni neno zuri, ila limeelemewa. Kuna mzunguko wa damu, wa maji, wa fedha, na katika kozi hiyohiyo, tukifika kwenye vifaa, kuna mzunguko wa umeme. Tena mzunguko hauna mlango: damu huzunguka mwili maisha yote. Lupu inayofaa lazima iwe na pa kutokea. Wengine wangechukua "takriri", tuliyoizoea kwenye uchambuzi wa mashairi, lakini takriri hutaja kurudiarudia tu, haionyeshi kitu kinachofunga maagizo pamoja.

Mimi nachagua "kitanzi". Najua pingamizi lake: kujitia kitanzi ni kujinyonga, na mtu anaweza kushtuka kulisikia darasani. Ila fundi cherehani anashona kitanzi cha kifungo kila siku na hakuna anayeshtuka. Kitanzi ni uzi au kamba iliyorudi ikajishika yenyewe, na ndivyo lupu ilivyoonekana kwa macho hapo zamani. Mashine ya Harvard Mark I, iliyoanza kazi mwaka 1944 kule Marekani, ilisoma maagizo kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ili kazi ijirudie, waliuunganisha mwisho wa utepe na mwanzo wake. Kitanzi cha karatasi, cha kushikika mkononi! Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: mwanahisabati Ada Lovelace, katika maelezo yake ya mwaka 1843 kuhusu mashine ya kukokotoa aliyoibuni Babbage, alikwisha kueleza jinsi kundi la hatua linavyoweza kurudiwa, wakati mashine yenyewe haijajengwa.

Kitanzi kikishapata jina, ndugu zake hujitokeza wenyewe. Kila safari moja ndani yake iitwe "duru", kama tunavyosema duru ya kwanza na ya pili ya uchaguzi. Kinachoamua kuendelea au kutoka ni "sharti". Na lile neno "while" la lugha ya programu ya Python, ambalo wanafunzi husoma "wailu", tayari tunalo kamili, nalo ni "maadamu". Kazi ya mjomba ingeandikwa hivi:

maadamu uti unapinda:
    ongeza kuni
    ngoja
    kunja uti wa jani jingine

Ondoa mstari wa mwisho uone. Kuni zinaingia, muda unapita, lakini hakuna anayepima, kwa hiyo sharti halibadiliki kamwe. Hicho ni kitanzi kisichofunguka, ndicho kilichojaza skrini yangu namba 1. Mabani nayo huteketea kwa namna hiyo, na msimu mzima wa familia unakuwa majivu.

Alfajiri uti ulilia. Mjomba alivuta kuni nje ya tanuru na kuzifukia kwa mchanga. Tuliyaacha majani yarudishiwe unyevu kidogo ili yasivunjike, kisha tukaanza kushusha vijiti vilivyofungiwa majani. Hapo hakuna aliyekunja uti. Idadi ilijulikana tangu siku ya kupakia, na agizo lilikuwa moja: kwa kila kijiti, shusha, fungua kamba, panga majani. Hiki nacho ni kitanzi, kile ambacho Python hukianza kwa "for" na sisi tungekianza kwa "kwa kila". Mjomba alikuwa akihesabu kwa sauti, mimi napokea chini, na kijiti cha mwisho kiliposhuka alifunga mlango wa bani.