Mkama Ndume Ajisemee Mwenyewe

Ukimkama ng'ombe jike unapata maziwa. Ukimkama dume unapata nini? Teke. Sasa fikiria, ndugu msomaji, watu wa kisiwa kizima wamtazame mtawala wao, halafu wamwite Mkama Ndume. Wengine hulifasiri jina hilo kuwa ni yule anayewakamua wanaume mpaka tone la mwisho. Wengine husikia ndani yake mtu aliyeshika ndoo chini ya fahali, anangoja maziwa, na yakikosekana anamlaumu fahali. Vyovyote utakavyolisikia, mimi naliita shairi la dhihaka. Lina maneno mawili tu, halina vina wala mizani, na aliyelitunga hatumjui. Lakini limeishi zaidi ya miaka mia tano, na diwani ngapi zinaweza kujisifu hivyo?

Huyu bwana alikaa Pujini, kusini mashariki ya mji wa Chake Chake. Mapokeo yanasema jina lake hasa lilikuwa Muhammad bin Abdulrahman. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa hapo katika miaka ya 1990, ukiongozwa na Adria LaViolette kutoka Marekani, uliuweka mji huo katika karne ya 15, kabla Wareno hawajaanza kuzunguka pwani yetu kwa mizinga baada ya 1498. Mpaka leo unaliona boma lililozunguka makazi, mabaki ya msikiti, ya nyumba na ya kisima. Kwa miji ya zamani ya Waswahili, boma kubwa kama lile si jambo la kawaida. Mtu hajengi ukuta namna ile kwa mchezo. Ama anaogopa walio nje, ama anaogopa walio ndani.

Sasa mawe yale yalifikaje? Hapa akiolojia inanyamaza na wazee wanaanza kusema. Wanasimulia kwamba Mkama Ndume aliwalazimisha watu wabebe mawe kichwani huku wakijisukuma kwa makalio, hawaruhusiwi kusimama. Tena wanasimulia habari ya kisima. Bwana alikuwa na wake wawili wasioonana kwa jicho zuri, akajenga ukuta ndani ya kisima, mmoja awe anateka kwa ndoo na kamba, mwingine ashuke kwa ngazi upande wake, wasikutane. Mtu aliyeweza kuamuru kisiwa kizima kiketi, nyumbani kwake alishindwa kuwapatanisha watu wawili! Hebu niambie kama hiyo si dhihaka iliyokwisha kupikwa, inangoja kupakuliwa tu.

Jambo la kuangalia ni hili. Katika hadithi hizo zote, wabeba mawe hawana majina. Hakuna Juma, hakuna Mwanaidi. Waliobeba walikwenda na maji. Aliyebaki ni mbebeshaji, na amebaki kwa jina walilompa wao. Kwa hiyo hata historia ya kudhulumiwa kwao tunaisoma kupitia jina la dhalimu. Kijana anayetaka kuandika lazima ajiulize: nitawarudishiaje sauti watu ambao hawakuacha hata kaburi lenye maandishi?

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kumtukana mtawala. Unaandika beti kumi, kila ubeti "dhalimu we, mkatili we". Unapoa moyo, lakini shairi linakufa siku ile ile. Njia ya pili ni ngumu kidogo lakini inakwenda mbali. Nayo ni kumpa mtawala wa kale ulimi, umwache ajisifu mwenyewe, na kila anapojisifu azidi kujivua nguo. Wewe mtunzi hutii neno. Umesimama pembeni tu, umeshika kalamu.

Wenzetu wa mbali wameitumia sana njia hii. Mwaka 1818 Mwingereza Shelley alitoa shairi lake la Ozymandias, jina ambalo Wagiriki walimpa Ramesses wa Pili wa Misri. Mfalme anajitapa kupitia maandishi ya kwenye jiwe, na pembeni ya jiwe kumebaki mchanga mtupu. Mwaka 1842 Robert Browning akamleta mtukufu mmoja wa Italia anayemwonyesha mgeni picha ya marehemu mkewe, na kwa kusema sema akajitoa mwenyewe kuwa ni muuaji. Na waliosoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, watamkumbuka Antony anavyomsifu Brutus mbele ya umati, sifa juu ya sifa, mpaka sifa zikageuka sumu. Mbinu ni ile ile. Maneno yanasifu, maana inashitaki.

Lakini tusiende mbali kama kwamba kwetu hakuna. Pemba ni kisiwa cha mafumbo. Kamange, yaani Ali bin Said Jahadhmi, aliyefariki mwaka 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyefariki mwaka 1926, walijibizana kwa mashairi, na kazi zao zilikusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba kilichotoka mwaka 2011. Kwa washairi wa aina yao, kusema jambo waziwazi wakati lina fumbo lake ilikuwa ni kama kula wali bila mchuzi.

Halafu yuko Said Ahmed Mohamed, mtoto wa Pemba, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990 alimchukua Bi Kirembwe, mtawala wa Giningi, ile nchi ya wachawi ya hadithi zetu za utotoni, akamweka jukwaani. Raia wa Giningi wanalishwa unga wa ndere mpaka akili zinalala. Mwaka 2001 akatoa Babu Alipofufuka, na humo maiti anarudi kumsumbua mkubwa wa leo. Ona alivyofanya. Hakutaja waziri wala rais yeyote. Kachota kwenye kapu la bibi zetu, na kila msomaji akajijazia jina alitakalo. Kwa hiyo mlango ameshaufungua mkubwa wetu. Sisi vijana tunaloambiwa ni kuingia tu.

Kwa nini kuhangaika hivi? Kwani mtu hawezi kusema moja kwa moja? Anaweza, na wapo waliosema. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa miaka mitatu, na mashairi ya kifungoni yakatoka katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Humo limo shairi la Mamba anayejiona hafi. Angalia basi: hata mtu aliyekuwa na ujasiri wa kusema wazi, alipokuwa jela alimtafuta mamba wa kumbebea maneno.

Na sisi huku tunajua bei ya maneno. Karafuu za Pemba zilichumwa kwa mikono ya watumwa mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wazee wetu wanasimulia viboko vya hadharani na njaa. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya kudai uchaguzi mwingine yalikutana na risasi, watu zaidi ya 30 wakauawa Pemba na Unguja, na wengine kwa mamia wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Sisemi kwamba mambo haya ni mamoja, wala kwamba kila mtawala ni Mkama Ndume. Nasema kila zama kuna mtu anayebebeshwa jiwe na kukatazwa kusimama, na mtu huyo anahitaji kicheko kama anavyohitaji maji.

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema: huo ni woga, unajificha nyuma ya maiti. Namjibu: mwoga hunyamaza. Anayevaa kinyago kwenye ngoma hakukimbia ngoma. Wa pili ana hoja nzito zaidi. Atasema: maiti hawezi kujitetea, vipi kama hadithi za Pujini ziliongezwa chumvi na mahasimu wake? Hapo lazima tuwe waungwana. Tuseme wazi kwamba lililochimbuliwa ni ukuta, msikiti, nyumba na kisima, na lililosimuliwa ni mawe ya kubebwa kwa makalio. La kwanza ni ushahidi, la pili ni kumbukumbu. Mshairi ana haki ya kuitumia kumbukumbu, lakini asiivalishe kanzu ya ushahidi. Akifanya hivyo atakuwa amemkama dume na yeye.

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo nami nimejaribu beti mbili. Huyu hapa bwana wa Pujini:

Ni mimi Mkama Ndume, nawapenda watu wangu,
Mgongo usiwaume, wabebapo mawe yangu,
Nataka wasisimame, hiyo ni huruma yangu,
Nani asiyeridhika, ajitokeze nimwone.

Wake zangu ni wawili, kila mmoja na njia,
Ukuta wa kweli kweli, ugomvi kuuzuia,
Nchi yangu ni kamili, hakuna wa kunambia,
Nani asiyeridhika, ajitokeze nimwone.

Hakuna tusi hata moja humo. Yote ni mapenzi, huruma na amani. Lakini msomaji anasikia mgongo unavyolia. Kile kibwagizo ndicho mtego wenyewe: mara ya kwanza kinasikika kama mwaliko, mara ya pili unajua ni kitisho. Na neno "yangu" nimelirudia makusudi, maana mtu wa namna hii hata huruma anaihesabu katika mali zake.

Nikikusanya niliyojifunza katika kujaribu, nitasema hivi. Usimfanye mtawala wako mjinga, kwa sababu mjinga hatishi. Mfanye mtu mwenye akili, mwenye lugha tamu, anayeamini kabisa kwamba anawatendea watu wema. Msome vizuri kwanza: ujue alikaa wapi, alijenga nini, alikula nini, ili uongo wako usimame juu ya kweli. Na usimsimulie msomaji pa kucheka. Akihitaji kuambiwa, shairi limeshindwa.

Tukumbuke pia nani alitangulia. Yule mtu wa Pujini, ambaye huenda hakujua hata kuandika jina lake, aliketi na jiwe kichwani akaona ajabu ya mambo, akamnong'oneza mwenzake maneno mawili. Mwenzake akacheka kwa siri, akampelekea wa tatu. Boma limebomoka, maneno mawili hayajabomoka. Sisi tuna karatasi, tuna kalamu, na wengi wetu tuna shule ya sekondari. Tukishindwa kuongeza la tatu, lawama itakuwa ya nani?