Baniani Yupi? Sanamu ya Shaba na Historia ya Mbarara

Methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" hufundishwa madarasani kila mwaka, lakini ni nadra mwalimu kuulizwa Baniani mwenyewe ni nani. Neno hili limetokana na jina la tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat, magharibi ya India. Ndani ya tabaka hilo walikuwamo Wahindu na Wajaini, nacho Kiswahili kikawaita wote kwa jina moja. Makala haya yanaeleza jinsi sanamu ndogo ya ibada, ya shaba ya manjano, inavyoweza kututenganishia watu hao, na kwa nini jambo hilo lina uzito hapa Uganda magharibi.

Mbarara, kama miji mingine ya Uganda, ulikuwa na maduka ya Waasia tangu enzi za ukoloni. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90, na tarehe ya mwisho ikawa 8 Novemba. Familia iliruhusiwa kuchukua fedha kidogo tu, kiasi cha pauni 50 hivi. Wengine walikuwa raia wa Uganda ambao hati zao zilikataliwa. Wakati huohuo, kusini-mashariki ya Mbarara, wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamekwisha kuishi Nakivale kwa zaidi ya miaka kumi. Nchi iliyokuwa imewapokea waliofukuzwa kwao ikawafukuza waliokuwa wake. Kisha vita vya 1979 vikabomoa sehemu kubwa ya mji wa Mbarara. Hivyo basi, kitu chochote cha familia hizo kikionekana leo kwa muuza vyuma chakavu au katika stoo ya nyumba kuukuu, hakina mtu wa kukisemea.

Mara nyingi kitu cha namna hiyo huitwa "mungu wa Wahindi". Maneno haya yana makosa mawili. Kwanza, Mhindi si lazima awe Mhindu: wako Wahindi Waislamu, kama Waismailia na Mabohora, ambao hawana sanamu za ibada. Pili, kwa Wajaini, sanamu kuu si ya mungu muumba, bali ya mmoja wa walimu 24 walioshinda tamaa za dunia.

Tuangalie dalili zenyewe. Sanamu ya Kihindu kwa kawaida ina mapambo na vitu mikononi. Mwenye kichwa cha tembo ni Ganesha. Mwenye umbo la nyani na rungu ni Hanuman. Mtoto anayetambaa huku ameshika donge la siagi ni Krishna, naye hupendwa sana katika nyumba za Wagujarati. Mwalimu wa Kijaini, kinyume chake, hana silaha wala chombo mkononi. Huketi amekunja miguu, viganja vimepakatwa, au husimama wima mikono ikining'inia. Mara nyingi kifuani pana alama ndogo kama ua. Kwenye kitako cha sanamu hutafutwa nembo: fahali ni Rishabha, simba ni Mahavira. Parshva hujulikana kwa vichwa vya nyoka vinavyomfunika kama mwavuli. Akiwa amevaa joho, huenda huyo ni Buddha.

Uso uliolika pia ni ushahidi. Sanamu inayoabudiwa huoshwa na kupakwa liwa kila siku, na baada ya miaka mingi pua na macho hupungua. Ile iliyonunuliwa kuwa pambo hubaki na kingo kali.

Mgongoni ndipo penye hazina kubwa zaidi. Sanamu nyingi za Kijaini zimechongwa maandishi nyuma: jina la aliyeitoa, na mwaka. Lakini mwaka huo ni wa kalenda ya Vikrama, inayoitangulia ya kwetu kwa miaka 56 au 57. Anayesoma 1985 atadhani sanamu ililetwa miaka 13 baada ya Waasia kufukuzwa. Kumbe ni ya 1928 au 1929.

Wanahistoria wa pwani wamekwisha kutuonyesha faida ya uchunguzi wa namna hii. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, alipata simba mdogo wa shaba wa yapata mwaka 1100. Mwaka 1988 yeye na Richard Blurton walimlinganisha na kazi za Dekani, India, na mjadala wa uhusiano wa Waswahili na Wahindi ukapanuka kutokana na kitu kinachoenea kiganjani.

Tunawaomba wanafunzi wetu wanaokwenda Mbarara na Nakivale kukusanya masimulizi wazingatie hayo. Wakikuta sanamu, wasiisugue ing'ae, kwa maana maandishi hufutika. Wapige picha mbele, nyuma na kwenye kitako, waandike ilikopatikana na aliyekuwa nayo, kisha wamtafute msomaji wa Kigujarati. Huko Nakivale, Mkongo, Mrundi na Msomali wote huitwa "mkimbizi", nao wanajua neno moja linavyoweza kumfuta mtu. Jina la aliyeitoa sanamu likisomeka, na liandikwe lilivyo.