Nebula: Jina Lililotolewa na Jicho

Watafsiri wa vitabu vya elimu ya nyota hukutana mara kwa mara na neno nebula, ambalo kwa Kilatini lina maana ya ukungu au wingu. Kabla hatujapendekeza istilahi, yafaa tutazame historia ya kitu chenyewe. Kwani jina hilo lilitolewa na jicho, na jicho lina mipaka yake.

Tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper wa Marekani alipiga picha ya kwanza ya nebula iliyomo katika kundinyota la Jabari, kwa kuliacha bamba la picha lipokee nuru kwa dakika 51. Mwaka 1883 Andrew Ainslie Common, mhandisi wa Kiingereza, aliipiga nebula hiyo hiyo kutoka bustani ya nyumba yake huko Ealing, magharibi ya London, kwa darubini yenye kioo cha inchi 36. Kwa kuwa dunia huzunguka, ilibidi darubini iendeshwe na mtambo ili ifuatane na nyota. Jicho halilimbikizi nuru, lakini bamba hulimbikiza; hivyo picha ile ilionyesha nyota ambazo hakuna aliyepata kuziona hata kwa darubini.

Mwaka 1888 Isaac Roberts, akiwa nyumbani kwake Maghull, karibu na Liverpool, aliipiga picha ile iliyoitwa nebula ya Andromeda, ikaonekana kuwa imejizungusha mfano wa parafujo. Roberts alidhani ameona jua na sayari zake zikizaliwa. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1920 Edwin Hubble alithibitisha kwamba ile ni jamii kubwa ya nyota, iliyo mbali nje ya galaksi yetu.

Basi neno moja lilibeba vitu viwili. Wahenga wetu waliita kundi moja la nyota Kilimia kwa ajili ya majira ya kulima. Jina hilo halikuchakaa, kwa kuwa halikudai kueleza kitu hicho ni nini. Lakini tukiandika “ukungu” kila mahali, tutamfundisha mwanafunzi kosa ambalo picha zilikwisha kulifichua.

Kwa hiyo twapendekeza nebula litumike kwa wingu la gesi na vumbi pekee, na galaksi kwa jamii ya nyota. Katika kutafsiri maandishi ya zamani, neno la mwandishi lihifadhiwe, na ufafanuzi utolewe chini ya ukurasa.