Mtoto wa Butiama

Shikeni kalamu, mwandike tarakimu hizi: 1922. Tarehe 13 Aprili mwaka huo, huko Butiama, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alipata mwana, Kambarage. Huyo ndiye Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, aliyefariki mwaka 1999. Aprili 2022 ilitimia miaka 100 tangu azaliwe.

Wengi humkumbuka kwa Uhuru wa 1961. Ninyi mkumbukeni kwa hili pia: alianza shule mwaka 1934, Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12! Kuchelewa alikujua. Akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima; wazee wakajifunza kuandika majina yao badala ya kutia dole gumba. Haya, andikeni yenu, polepole.