Nani alipandisha volti?

Wadau, kila anayeandika historia ya umeme wa jua huanzia pale pale: Bell Labs, Marekani, Aprili 25, 1954. Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wakaonyesha seli ya silikoni inayogeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Sawa, wanastahili sifa. (Chapin alianza kwa kutafuta umeme wa mitambo ya simu katika nchi za joto na unyevu, ambako betri kavu zilikuwa zinaharibika haraka. Yaani huku kwetu!)

Tatizo ni kwamba seli moja hutoa kama nusu volti tu. Unaweza kuunganisha nyingi kwa mfululizo, lakini mara nyingi bado unahitaji kifaa cha kupandisha volti, kile mafundi wanachokiita busta. Huyu hatajwi kabisa, wakati ukoo wake ni mkongwe kuliko seli yenyewe kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1836 huko Maynooth, Ireland, padri na mwalimu wa sayansi Nicholas Callan alizungushia nyaya kwenye chuma, akapitisha umeme wa betri, halafu akaukata ghafla. Koili haipendi kukatiwa: inajibu kwa kurusha volti juu sana. Kwa miaka mingi sifa zikaenda kwa Heinrich Ruhmkorff, fundi wa Paris aliyeziboresha koili hizo na kuziuza miaka ya 1850. Biashara bwana!

Redio za magari za miaka ya 1930 zilitumia mbinu hiyo hiyo, zikiwa na kikata umeme cha chuma kilichovuma kama nyuki na kuchakaa upesi. Transista ndiyo iliyomaliza usumbufu huo, maana inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na koili ikawa ndogo. Mwaka 1968 Boehringer akaeleza kifaa cha vyombo vya anga kinachojirekebisha chenyewe ili kivute nguvu nyingi iwezekanavyo kutoka kwenye paneli.

Busta ya leo ni koili, swichi, diodi na kapasita. Swichi ikipitisha umeme nusu ya muda, volti 12 zinakuwa 24. Ila muuzaji akikuambia "inaongeza umeme", mkatalie: ampea 5 zilizoingia zinatoka 2.5, tena pungufu kidogo, kwa sababu nyingine imegeuka joto.