Tartibu ya Nyimbo Mjini Kisangani

Mji wa Kisangani, ambao hadi mwaka 1966 jina lake lilikuwa Stanleyville, umekaa pale ambapo Mto Kongo hukoma kupitika kwa meli, kwa kuwa juu yake yapo maporomoko saba ya Boyoma yasiyoruhusu chombo kikubwa kuendelea. Na tangu zama za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefanywa wali wa mahali hapo mwaka 1887, bidhaa na habari za mbali aghalabu ziliufikia mji huo kwa njia mbili: ama kutoka chini ya mto, safari ya kilomita zaidi ya 1,700 toka Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, ama kutoka mashariki, upande ulioleta Kiswahili, na ambao mwaka 1906 ulipata reli ya kuyapita maporomoko hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Muziki nao ulizifuata njia hizo hizo. Wimbo ulipakiwa, ukasafirishwa, ukateremshwa gatini, ukachukuliwa nyumbani, na kila baada ya miaka kadhaa ukahamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine. Katika kila uhamisho huo yalikuwapo mambo mawili ya kuchukuliwa, nyimbo zenyewe na tartibu yake, yaani ni upi utangulie, upi ufuate na upi ufunge. Na atakayeitazama historia hii kwa makini ataona kwamba kuzichukua nyimbo kumezidi kuwa kwepesi, ilhali tartibu ndiyo iliyopotea njiani mara nyingi.

Kwamba tartibu ina maana yake, wenyeji wa mto huu walilijua jambo hilo kabla ya mashine yoyote kufika. Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni walioko chini kidogo ya Kisangani, walikuwa na ngoma ya gogo lililochimbwa, yenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini, na kwa sauti hizo mbili tu walipelekeana habari za msiba, za safari na za masoko toka kijiji hadi kijiji. John Carrington, mmisionari Mbatisti aliyeishi Yakusu na kuandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza kwamba kwa kuwa maneno mengi yana mwinuko na mshuko mmoja wa sauti, mpiga ngoma hakupiga neno peke yake bali alipiga kifungu kirefu kilichozoeleka, ili msikilizaji alitambue neno kwa yale yanayolitangulia na yanayolifuata. Aliyeipokea habari akaipeleka mbele hakuwa na ruhusa ya kuuvuruga mpango wake, kwani mpango ukivurugika habari yenyewe ilikufa.

Kisha zikaja santuri. Kuanzia mwaka 1933 sahani za mfululizo wa GV, zilizobeba muziki wa Kuba, ziliingia katika miji ya Afrika na kupendwa mno nchini Kongo. Na mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis akaanzisha huko Léopoldville kampuni ya Ngoma, ambayo mwaka huo huo ilitoa wimbo Marie-Louise wa Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane. Wendo mwenyewe aliwahi kuwa fundi wa mitambo katika meli za mtoni, na husimuliwa kwamba wimbo huo ulipozushiwa kuwa unaweza kuwafufua wafu ukipigwa usiku wa manane, mwimbaji alifukuzwa mji mkuu akafungwa kwa muda Stanleyville. Santuri za zama hizo zilikuwa nzito, zilivunjika upesi, na kila upande ulichukua dakika tatu hivi. Kwa hiyo tartibu haikuandikwa mahali popote, bali ilikaa mkononi mwa yule aliyesimama karibu na gramafoni, akaitunga usiku kwa kuwatazama wachezaji, na kulipopambazuka ikawa imekwisha.

Kaseti ndiyo iliyompa mtu wa kawaida, kwa mara ya kwanza, uwezo wa kuitunza tartibu yake. Kampuni ya Philips iliionyesha mwaka 1963, na mwaka 1979 Sony ikatoa Walkman, ambayo ilimwezesha mtu kutembea na muziki wake masikioni. Lakini kilichotangulia kuenea mijini kwetu kilikuwa redio kaseti ya betri, iliyobebwa kwa mkono. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na nusu saa kila upande, na mwenye kuijaza kutoka santuri au kutoka kanda nyingine alilazimika kupiga hesabu, asije akaukata wimbo katikati kwa kuwa upande umekwisha. Akachagua la kuanzia, akatia rumba ya polepole baada ya ile ya kuchezwa, akamweka mwimbaji Franco karibu na Abeti Masikini, binti wa Stanleyville aliyezaliwa mwaka 1954, au akampa nafasi Koffi Olomidé, mzaliwa wa mji huo huo mwaka 1956. Majina yaliandikwa kwa kalamu katika karatasi ya ndani ya kasha. Kazi hiyo ikawa amali ya watu madukani, kama ilivyokuwa Mombasa, ambako duka la Mbwana Radio Service lilijulikana kwa kurekodi taarabu na kuuza kanda zake. Na kwa sababu wimbo wa kanda haurukwi kwa urahisi, aliyeisikiliza mara nyingi aliihifadhi tartibu moyoni, hata wimbo mmoja unapokwisha akawa amekwisha kuusikia unaofuata kabla haujaanza.

Miaka ya vita iliufanya uthabiti huo kuwa na thamani kubwa zaidi. Vita vilipoanza upya mwaka 1998 biashara ya mtoni baina ya Kinshasa na Kisangani ilisimama, mji ukatengwa na mkondo wake wa kale. Na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yakapigana humo siku sita, raia wengi wakauawa na nyumba zikabomolewa. Pamoja na nyumba huteketea vitu ambavyo hakuna anayeviandika katika hesabu ya hasara, nazo kanda zimo.

Amani iliporejea, muziki ulikuja kwa umbo jingine. Aina ya faili iitwayo MP3, iliyopewa jina hilo mwaka 1995, iliupunguza wimbo hata ukawa mwepesi wa kubebwa. iPod ikatoka mwaka 2001. Lakini Kisangani, kama katika miji mingi ya Afrika, chombo cha watu wengi kilikuwa simu yenye kadi ya kumbukumbu, na spika ndogo ya kichina yenye tundu la flashi. Vibandani, penye kompyuta moja, kijana aliyekaa mbele yake alizitia nyimbo katika kadi kwa malipo, na kutoka simu hadi simu zilipita kwa Bluetooth bila malipo yoyote. Umeme wa bwawa la Mto Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950, haukuwatosha watu wote wala haukuwaka saa zote, na kwa hiyo kujaza betri na kujaza nyimbo zikawa kazi zilizokaa jirani.

Hapo ndipo tartibu ilipoanza kupotea, na sababu yake yafaa kuelezwa wazi. Orodha ya nyimbo ya kompyuta, kama ile ya M3U iliyoenea kwa programu ya Winamp tangu mwaka 1997, haina muziki ndani yake hata kidogo. Ina mistari ya maandishi tu, na kila mstari unasema wimbo fulani uko katika folda fulani. Ukiichukua orodha hiyo peke yake kwenda katika simu, au ukizichukua nyimbo na kuziweka mahali pengine, orodha hubaki kama bahasha yenye anwani ya nyumba iliyobomolewa. Hata herufi moja hutosha kuiharibu: jina la Olomidé lina alama juu ya herufi yake ya mwisho, na chombo kisichoisoma alama hiyo kama ilivyoandikwa hakitaupata wimbo, ingawa wimbo upo. Spika ndogo nazo aghalabu hazisomi orodha kabisa. Hupiga nyimbo kwa mfuatano ambao zilinakiliwa katika kadi. iPod kwa upande wake ilizificha nyimbo katika folda zenye majina yasiyo na maana kwa msomaji, ikaweka tartibu katika daftari lake yenyewe, na aliyenakili faili zake bila daftari hilo alitoka na rundo lisilo mwanzo wala mwisho.

Dawa za maradhi haya ni nyepesi, na mafundi wanazijua. Orodha na nyimbo zikae katika folda moja, na mistari ya orodha itaje jina la faili tu bila njia ndefu ya kompyuta iliyotoka. Orodha ihifadhiwe kwa M3U8, inayozistahi herufi zenye alama. Majina ya faili yatanguliwe na tarakimu, 01, 02, 03, kisha yanakiliwe kwa zamu hiyo hiyo, ili hata spika isiyojua kusoma orodha iifuate tartibu. Siku hizi wako wanaoziweka orodha zao katika huduma za intaneti, lakini humo tartibu hukaa kwa ruhusa ya kampuni, na akaunti ikifungwa nayo hufungwa.

Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipopita kaskazini mwa Kongo ya Belgiji mwaka 1952 akinasa muziki wa watu wa msitu, wakiwamo Watopoke wa nchi hii ya Tshopo, hakutosheka na sauti. Aliandika pia kila wimbo ni wa nani, umeimbwa kwa ala gani na kwa shughuli ipi, na kwa maandishi hayo sauti zile bado zinawaelimisha watu. Wenye kanda za zamani huko Makiso, Mangobo, Kabondo na Lubunga wanayo hazina ya namna hiyo hiyo, kwani nyimbo za Franco na za Abeti zinapatikana ulimwenguni kote, bali uteuzi uliofanywa na mtu wa Kisangani kwa ajili ya arusi ya mwanawe au matanga ya mzee wake haupatikani pengine popote. Yafaa basi kila kanda inaponakiliwa inakiliwe upande mzima, wa kwanza kisha wa pili, kabla ya kukatwa wimbo mmoja mmoja. Na karatasi ya kasha ipigwe picha, na majina yake yaandikwe upya pamoja na jina la aliyeijaza, mwaka na shughuli yake. Wimbo uliopotea huenda ukapatikana kwa mwingine, lakini tartibu ilikuwa ya mtu mmoja, na asipoandika yeye, au mwanawe wakati yeye bado yu hai, hakuna wa kuulizwa.