Watoto watatu katika kila mia

Jamaa wa mgonjwa akifika wodini, swali la kwanza huwa moja: "Ametundikiwa dripu?" Akiona maji yanadondoka, moyo humtulia. Akikuta mkono mtupu, hudhani mgonjwa wake ametelekezwa.

Imani hiyo ina asili yake. Mwaka 1832 kipindupindu kilipoingia Leith, bandari ya Edinburgh huko Uskochi, daktari Thomas Latta alimtia bibi mmoja maji ya chumvi mshipani. Bibi alikuwa amekauka, karibu kukata roho. Macho yaliyozama yakapata uhai, mapigo yakarudi. Latta akaondoka, kuhara kukaanza upya, na saa chache baadaye bibi akafariki. Hata hivyo, wapo aliowatibu baadaye waliopona.

Latta alikuwa akirudisha maji yaliyopotea. Miaka mingi baadaye dawa hiyo ilipewa kazi nyingine. Mtoto mwenye homa kali, miguu ya baridi na mapigo dhaifu alimiminiwa maji mengi ndani ya saa moja, hata kama hakuharisha. Ndivyo ilivyofanyika katika nchi tajiri, ambako mtoto akizidiwa kuna mashine ya kumsaidia kupumua. Mwongozo ukasambaa duniani bila mtu kuupima barabara.

Waliokuja kuupima walikuwa huku kwetu. Mwaka 2009 utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, ulianza Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali sita, zikiwemo Mulago, Mbale na Teule ya Muheza. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliomiminiwa haraka maji ya chumvi, waliomiminiwa maji yenye albumini (protini ya damu), na wasiomiminiwa. Wote walipata dawa, oksijeni na damu kila ilipohitajika.

Wengi walitarajia maji yangeokoa. Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaingizwa kati ya 3,600 waliokusudiwa, utafiti ulisitishwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya watoto wa albumini na asilimia 10.5 ya wale wa maji ya chumvi. Kwa wasiomiminiwa, ni asilimia 7.3.

Watoto watatu zaidi katika kila mia. Hakuna daktari wala muuguzi, awe hodari vipi, ambaye angeiona tofauti hiyo kwa macho. Mtoto akipona, maji yalishukuriwa. Akifa, malaria ililaumiwa. Ndiyo maana nawaheshimu sana wazazi waliokubali watoto wao waingie, tena katika saa ambayo mzazi hana hata nguvu ya kusimama.

Matokeo yalipingwa. Wakosoaji walidhani maji yalijaa mapafuni tu, kwa kuwa hospitali hazikuwa na vifaa. Uchambuzi wa 2013 ulionyesha vingine: vifo vingi vilivyozidi vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi. Ilipofika 2016, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limebadili mwongozo wake.

Watoto wa kuhara hawakuingizwa katika utafiti huo. Mtoto aliyekauka kwa kuhara bado anahitaji maji, kwa mdomo akiweza kunywa, kwa mshipa akishindwa, kama yule bibi wa Leith.